Ufunguo Uko kwa Jirani

Juu ya jalada jina ni moja tu: Thuweni.
Bendi haipo. Mimi sipo.
Naisikiliza dukani, Wadi Kabir,
kiyoyozi cha mteja kimelala mezani, kifua wazi,
bisibisi mdomoni mwangu kama mswaki.

Miaka tisa nilimpigia ngoma.
Tulikuwa wanne, gereji ya mjomba wake, Khuwair,
tukihesabu saba, tukihesabu kumi na moja,
hesabu ambazo hata polisi waliokuja kutunyamazisha
walisimama mlangoni wakizitafuta kwa vidole.
Kisha akasema, "Nataka kufanya kitu peke yangu."
Nikamwambia sawa,
ile sawa ya kufunga mlango taratibu.

Peke yake! Nimehesabu sauti:
watu ishirini na wawili.
Jumaan wa Suweiq kwenye zumari,
ambaye mchana humimina alumini ya moto kule Sohar,
pumzi yake inajuana na tanuri.
Kijana wa Kibalushi na benju yenye vibonye vya taipu.
Mhasibu wa Kerala, tai shingoni, ngoma magotini.
Mtu mmoja kazi yake ni kutikisa kiuno tu,
mshipi wa kwato za mbuzi unamwagika kama mvua ya kokoto.
Na gita la Thuweni chini yao wote
linanguruma kama jokofu usiku,
hadi dakika ya nne, linapopasua.

Walirekodi ndani ya tangi la maji lililokauka.
Kila pigo lilirudi mara tatu, limekonda.

Wimbo wa sita ndio niliouogopa.
Alinipigia simu usiku wa manane:
"Kwenu mnasema Kiswahili. Hebu sikiliza."
Wanaume wa laiwa, koo zilizokwanguka,
na maneno waliyorithi kama sahani za harusi,
nzima zote, aliyezileta hakumbukwi.
*Mambiye mama fungo ko jirani.*
"Jumaan anasema ni dua," akaniambia,
"babu yake alikuwa akifika hapa analia."
Nikarudisha nyuma mara nane.
Nikang'oa herufi zilizooza, nikatia nzima,
kama nibadilishavyo mapanga ya feni:
mwambieni mama, ufunguo uko kwa jirani.

"Ufunguo?" akauliza. "Basi?"
Basi.
Akanyamaza muda wa birika kuchemka.
"Usimwambie Jumaan."

Sikumwambia. Lakini tangu usiku ule
namwona mtu ametoka nyumbani kwake asubuhi,
amemwachia jirani ufunguo,
anadhani alasiri atakuwa amerudi.
Waliomchukua hawakumpa nafasi ya kuaga.
Akautuma ujumbe kwa kinywa kilichokuwa karibu,
nacho kikautuma kwa kingine,
mjukuu kwa kitukuu, ng'ambo hii,
mpaka hakuna aliyejua kuwa amebeba ujumbe.

Sasa wanamsifu Beirut, wanamsifu Paris.
"Lugha ya kabla ya lugha," kaandika mmoja,
kurasa mbili nzima juu ya wimbo wa sita
na hajataja mlango hata mara moja.
Sina kinyongo. Au ninacho kidogo.
Kazi ni nzuri hadi inauma:
pale ngoma inapochelewa nusu pumzi,
ndivyo nilivyokuwa nachelewa mimi.
Lile kosa langu, tulilogombania miaka tisa,
amemfundisha mtu mwingine.

Jana nikaipeleka nyumbani.
Mama alikuwa jikoni anakata vitunguu.
Sikumweleza kitu. Nikaweka wimbo wa sita.
Zumari, kwato, tangi,
kisha zile sauti, zimelika vilevile.
Mama akainua kichwa, kisu hewani,
macho yamejaa maji ya vitunguu,
akaipazia spika sauti
kama anayemjibu mtoto aliye uani:

"Jirani yupi?"